Kasha la bibi limepatikana

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mafundi wanaobadilisha boriti za dari nyumba ya Mji Mkongwe wamelikuta kasha la marehemu bibi stoo ya juu, chini ya majamvi. Mna picha za harusi, barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na rupia chache zimefungwa kwenye pindo la kanga. Rupia Unguja iliacha kutumika 1936!

Karatasi zinameguka kwenye mikunjo. Tafadhali mtu asizikunjue wala asizibandike selotepu. Ami na shangazi mnaosoma hati hizo, tunawahitaji sana Jumapili baada ya alasiri. Mlioko Muscat, nitawapigia simu ya video mtutajie waliomo pichani. Hakigawanywi kitu mpaka sote tumeona.