Alizeti ya damu ya mzee imezaa ya njano: mmeniuzia nini?

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia dukani na ua la alizeti mkononi, amelishika kama ushahidi wa kesi. La njano, njano tupu. "Hii ndiyo nyekundu yenu?" Nikamuuliza alinunua mbegu lini. Kumbe pakiti yetu aliipanda msimu uliopita na ikamtolea maua ya damu ya mzee, ya kuringia. Msimu huu akaona kununua tena ni kutupa hela, akapukuchua mbegu za maua yale yale.

Huyo ni wa nne msimu huu, kwa hiyo naandika.

Pakiti aliyonunua ni ya Moulin Rouge, ambayo ni chotara. Chotara ana baba na mama wa koo mbili tofauti, na wazalishaji huwakutanisha upya kila zinapotakiwa mbegu. Ukipanda mbegu zake, kila mjukuu anamfuata babu anayemtaka. Tena aina hii haina chavua. Ndiyo maana wapamba kumbi wanaipenda, haichafui kitambaa cha meza. Sasa kama ua halina chavua na bado lilikupa mbegu, baba ni nani? Ni alizeti ya jirani iliyoletwa na nyuki, na ya jirani mara nyingi ni ya njano.

Wekundu wenyewe ulianza kwa mmea mmoja. Mwaka 1910 Wilmatte Cockerell aliuona kando ya barabara huko Boulder, Colorado, Marekani. Haukuweza kujichavusha, ikabidi upandishwe na alizeti za njano, na watoto wakatoka mchanganyiko.

Anayetaka kujiwekea mbegu tunampa Velvet Queen, alizeti nyingine nyekundu, ambayo si chotara. Mbegu zake tunazalisha wenyewe, na hapa wale wanaosema "mbegu chache hivi, bei yote hiyo" wanisikilize. Kabla kitumba hakijafunguka tunakivika mfuko wa shashi na kufunga kamba shingoni, nyuki asipite. Vijiua vya katikati hufunguka kuanzia pembeni kwenda ndani, siku tano hadi kumi. Siku zote hizo, asubuhi, tunafungua mifuko miwili, tunapaka chavua ya huku kule kwa brashi laini, tunafunga. Mmea wenye rangi isiyoeleweka unang'olewa, hata uwe mzuri namna gani. Msaidizi wangu aliwahi kuuonea huruma mmoja wa rangi ya machungwa akauacha. Msimu ule hatukuuza mbegu hata moja ya tuta lile.

Ujanja mwingine unaowaponza wateja ni wa kuotesha miche kwenye trei. Mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuza miche mwezi mzima kibarazani ndipo akaihamishia bustanini. Mzizi mkuu ulikuwa umeshajikunja chini kama chemchemi ya kitanda, maua yakamwishia magotini. Panda moja kwa moja ardhini, kina cha sentimita mbili au tatu, penye kupata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Samadi usizidishe, utavuna majani.

Yule mama tuliyamaliza. Alichukua Velvet Queen na mifuko sita ya shashi, na punguzo sikumpa. Ua lake aliliacha. Nimelitia kwenye chupa kaunta, na tangu jana watu wawili wameniuliza mbegu zake ni bei gani.