Sewahaji alikuwa mtu

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wako wa barua wiki iliyopita, msomaji mmoja aliandika kwamba matajiri wa zamani wa mwambao wetu walichuma, wakajaza majahazi, wakaondoka, na hawakutuachia hata kisima. Barua hiyo niliisoma nikiwa kwenye foleni ya kupima presha. Nilicheka peke yangu mpaka dada aliyekaa pembeni akaniuliza, "Mama, uko salama?" Nikamwambia niko salama, ila kuna mtu gazetini kasahau alikolazwa mjomba wake.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia Muhimbili, katika wodi za jengo la Sewahaji. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam ukimtajia Sewahaji anajua unazungumzia jengo. "Kalazwa wapi?" "Sewahaji." "Juu au chini?" Basi, mtu anachukua chupa yake ya uji na kanga ya kubadilisha, anapanda ngazi. Jina hilo nimeliandika kwenye mafaili na daftari la zamu mara zisizohesabika. Ningelipwa shilingi moja kwa kila mara, leo ningekuwa na nyumba Bunju.

Ila nakiri jambo moja. Usiku mmoja, mama aliyetoka Mkuranga kumuuguza mwanawe aliyeanguka mnazini aliniuliza wakati nabadilisha dripu: "Nesi, huyu Sewa alihiji lini hata akaitwa Haji?" Nilimjibu kama tunavyojibu manesi tukiwa tumechoka: "Mama, pumzika, kesho daktari anapita mapema." Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka saba katika jengo lile.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jina hilo nililikuta nyumbani kabla sijajua kusoma. Bibi yangu mzaa mama, hapa hapa Magomeni, alikuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilichoishia kwenye kifundo cha kwanza. Kilibanwa na mlango wa gari la abiria Kariakoo, enzi za Mwingereza. Kikaoza, akapelekwa hospitali ya Sewa Haji, ile ya zamani iliyokuwa karibu na steshini ya reli. Tukimuuliza kidole kiko wapi, alikuwa akijibu, "Kilibaki Sewa Haji." Sisi wajukuu tuliamini Sewa Haji ni makaburi ya vidole. Kaka yangu mkubwa alikuwa akikataa kupita steshini jioni.

Baada ya swali la yule mama nilianza kuuliza wazee na kusoma nilichoweza kukipata. Nikuandikie basi, Mhariri, ili na msomaji wako ajue.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851. Alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia. Baba yake alitoka Kachi, kule Bara Hindi, akafungua duka Zanzibar na baadaye tawi Bagamoyo, na kijana akaingia katika biashara hiyo ya nyumbani kabla hajatimiza miaka ishirini. Bagamoyo ya wakati ule ndiyo ilikuwa mlango wa bara. Aliyetaka kwenda Tabora au Ujiji alianzia pale, na alihitaji mtu wa kumpatia vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, masango ya shaba, baruti, na zaidi ya yote wapagazi. Sewa Haji ndiye aliyekuwa akivipatia misafara vitu hivyo. Mzungu akishuka kwenye jahazi na barua yake ya fedha kutoka Zanzibar, haukupita muda alikuwa ameketi mbele ya Sewa Haji au mmoja wa watu wake.

Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alipitia mikononi mwake. Katika kitabu alichoandika baadaye analalamika kurasa kwa kurasa juu ya kijana mmoja wa Bagamoyo anayemwita "Soor Hadji Palloo", kwamba anamzungusha kuhusu wapagazi na hesabu zake zina mikono. Huyo ndiye Sewa Haji wetu, na wakati huo alikuwa na miaka ishirini. Nilipokisoma kisa hicho nilicheka tena. Kuna wauza vitenge Kariakoo ambao Stanley angewaandikia kurasa zile zile leo hii.

Simtakasi. Mali ya Bagamoyo ilikuwa mali ya pembe za ndovu, na pembe zilibebwa na mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi ulifika kilo thelathini na ushee, na safari ya Tabora iliweza kula miezi mitatu. Bunduki nazo zilipita katika biashara ile, na bunduki bara hazikuishia kuwinda tembo. Msomaji wako akitaka kuandika juu ya hayo nitamuunga mkono, maana ni kweli. Nisichokubali ni kuambiwa kwamba hawakuacha kitu.

Sewa Haji aliacha. Mwaka 1892 aliikabidhi serikali ya Kijerumani jengo la ghorofa pale Bagamoyo liwe shule, na akaweka sharti kwamba wasome watoto wa kila rangi. Msomaji apime mwenyewe maana ya sharti hilo kwa Wajerumani wa mwaka 1892. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu wamnyonge Abushiri, aliyeongoza watu wa mwambao kuwapinga, kule Pangani, na alama za mizinga bado zilikuwa kwenye kuta za mwambao. Katika hali hiyo anatokea mfanyabiashara Mhindi, ambaye biashara yake yote iko mikononi mwao wakitaka kuivunja, anawapa nyumba na kuwaambia nani aingie. Mimi nimefanya kazi serikalini, najua inavyokuwa vigumu kumwekea mkubwa sharti, hata la funguo za stoo.

Pale pale Bagamoyo alitoa kwa ajili ya hospitali, na hospitali ya wilaya ya leo mizizi yake iko katika ile aliyoianzisha. Alichimbisha visima vya wasafiri. Kwa hiyo hata hicho kisima ambacho msomaji wako anasema hakikuachwa, kiliachwa. Akawapa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu mwaka 1868, kiwanja cha kuwatunzia wenye ukoma. Hapo ndipo huwa natua kidogo. Muislamu wa Kiismailia anawapa mapadre Wakatoliki ardhi yake wawahifadhi watu ambao jirani zao hawakutaka hata kunywa nao maji kikombe kimoja.

Nimewauguza wenye ukoma nilipokuwa mwanafunzi, kabla ya dawa za mchanganyiko kuenea. Mgonjwa mmoja alikuwa mfumaji wa mikeka. Vidole alivyobaki navyo vilikuwa vitatu, na ukindu aliushika kwa meno. Hakuwa akinyoosha mkono kumsalimia mtu; alikuwa akikuinamia tu, mikono ameificha ndani ya shuka, akingoja aone wewe utafanya nini. Siku niliyomshika mkono bila glovu alininyamazia zamu nzima. Kesho yake nikakuta ungo mdogo, wa kukalishia yai, juu ya meza ya dawa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba tajiri fulani miaka mia na zaidi iliyopita aliwafikiria watu hawa wakati anagawa mali yake, sihitaji kuelezwa zaidi.

Kisha ikaja Dar es Salaam. Mji huu ulikuwa umechukua makao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, watu wanamiminika, na Mwafrika au Mhindi akiugua hana pa kulazwa penye maana. Sewa Haji alitoa rupia 12,400 za kujengea hospitali. Hospitali ikawa tayari mwaka 1897, ya Waafrika na Wahindi. Wazungu wao walijengewa ya kwao baharini, Ocean Road, mwaka huo huo. Mwenyewe alikuwa ameshafariki Februari ya mwaka huo, kule Zanzibar, akiwa na miaka 46. Katika wosia wake mali aliiacha mikononi mwa serikali, mapato yake yaende kwa wagonjwa wa ukoma na mafukara. Miaka 46, Mhariri. Mwanangu wa kwanza ana miaka 46, na bado ananipigia simu kuuliza pilau inatiwa maji kiasi gani.

Hospitali ile ya steshini ndiyo iliyomtibu bibi yangu, na nusu ya wazee wa Kariakoo, Gerezani na Ilala. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya kule Upanga, ikaitwa kwa jina la Princess Margaret, na baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Wagonjwa walihama, na jina la yule mzee likahama nao likakaa kwenye jengo la wodi. Jirani yake ni Kibasila, jina la kiongozi wa Wazaramo katika vita vya Majimaji. Yaani Mhindi aliyewapa Wajerumani nyumba na Mzaramo aliyewashika koo Wajerumani hao hao, majengo yao yanatazamana, na ndugu wa wagonjwa wanapita katikati yao na hotipoti za ndizi.

Siombi sanamu, wala siombi barabara ibadilishwe jina. Barabara za mji huu zimebadilishwa majina hadi madereva wa bodaboda wamezoea kuelekezwa kwa baa. Ninachoomba ni kwa gazeti lako. Bagamoyo bado wako wazee, Waswahili na Makhoja, waliosikia habari za ile nyumba ya shule kutoka kwa waliowatangulia. Mtumeni mwandishi kijana akakae nao siku mbili tatu, siyo kwa simu, aandike. Aulize pia kwa wapagazi, maana nao wana wajukuu. Tabora nzima imejaa wajukuu wa wapagazi, na wengine wako hapa Dar wanauza asali. Ningependa kusoma nao wanasemaje juu ya mtu aliyewapimia mizigo babu zao. Kama watamsema vibaya, chapeni vile vile.

Yule mama wa Mkuranga mwanawe alipona. Aliondoka na magongo mawili, na kabla ya kutoka alirudi ofisini kwetu na mafungu matatu ya mihogo, akatuachia. Swali lake hakulirudia. Kama bado yuko hai, na kama kuna mtu Mkuranga anayemsomea gazeti, naomba amwambie kwamba nesi wa zamu ya usiku amechelewa tu. Haji lilikuwa jina la baba, na mwanawe akalibeba.

Muuguzi mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam