Firauni hajalipa

Shosti, mambo vipi?

Najua umeninunia, meseji zako tatu sijajibu hata moja, ila kabla hujanisema ngoja nikupe umbea wa shuleni maana wiki hii nusura niandikiwe barua ya kujieleza, na kosa lenyewe ni la watu waliokufa enzi za Firauni. Enzi za Firauni kweli kweli, sio msemo.

Si unajua darasa la tano nimebebeshwa mimi, watoto 74, na mada ya Misri ya kale kila mwaka inanishinda. Naandika ubaoni piramidi, Mto Nile, mafunjo, kengele ikigonga wameshasahau. Mwaka huu nikasema basi, tuigize. Kosa nikauliza nani anataka kuwa Firauni, wavulana wote mikono juu wanasukumana, wa kubeba mawe hakuna hata mmoja. Nikamchagua binti mmoja mkimya hivi anayekaa dirishani. Weee, kelele! Eti mwalimu, Firauni ana ndevu! Nikawaambia sawa, na Firauni Hatshepsut alikuwa mwanamke, katawala kama miaka 20, na kwenye sanamu zake kavalishwa ndevu za bandia kama wafalme wengine. Basi tukamtengenezea ndevu za katani, tukazifunga kwa uzi masikioni, na tangu siku hiyo yule mtoto sauti ya chini hana tena, anaamuru mpaka mimi.

Swali la Musa lilikuja, nililitegemea, "mwalimu huyu si ndo yule aliyezama baharini?" Nikasema akina Firauni walikuwa wengi, tuendelee.

Halafu maiti. Hapo hata wale wa nyuma wanaolalaga waliamka. Kuandaa maiti mpaka izikwe ni siku 70, ubongo wanauvuta kwa ndoano puani, ini na mapafu na tumbo na utumbo kila kimoja na mtungi wake (sisi tulitumia makopo ya maziwa ya unga), moyo wanauacha kwa sababu kwao akili inakaa moyoni. Sasa ile dawa ya kukaushia mwili inaitwa natroni, nikatoa mfuko nilionunua sokoni nikamwaga kidogo mezani, mtoto mmoja akasogea akanusa akasema mwalimu, hii si magadi, mama anatia kwenye maharage? Ndo hiyo hiyo, au tuseme ndugu yake tumbo moja, na hata Ziwa Natron letu la kule Arusha jina limetoka huko huko. Darasa likanyamaza kabisa. Kesho yake mzazi kaja analalamika mwanae amegoma kula makande, eti sio mzoga yeye.

Nikawaongezea na ya sangara, kwamba kuna mji unaitwa Esna kule Misri walimtukuza sangara, akifa wanamkausha wanamfunga sanda kama mtu. Hawakuamini, na mimi siwalaumu, mtoto wa Mwanza umwambie sangara alikuwa mtakatifu.

Sasa sikia balaa lenyewe. Wabeba mawe bado sina, kila mtu anataka kuwa mfalme au maiti. Nikakumbuka ule mgomo wa Deir el-Medina. Hicho ni kijiji cha mafundi waliokuwa wanachonga makaburi ya wafalme, sio watumwa, watu wa mshahara, ila mshahara wenyewe ni ngano ya mkate na shayiri ya pombe. Enzi za Ramesses III, miaka ya 1150 KK huko, mshahara ukachelewa, wakasema siku 18 za mwezi zimepita na tuna njaa, wakaweka zana chini wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Samaki hatuna, mboga hatuna, hata nguo hatuna, mwambieni Firauni. Na karani wao Amennakht akayaandika yote, karatasi yenyewe ya mafunjo ipo mpaka leo Turin, Italia. Shosti, nilivyomaliza kusimulia mikono 73 iko juu, wote mafundi! Yule binti tu ndo kagoma kuvua ndevu kwa hiyo hata Ramesses III kawa yeye.

Tukatoka nje chini ya mwembe. Na siku hiyo, bahati mbaya, uji wa shule ulikuwa umechelewa, kuni zilikuwa mbichi. Sasa wewe piga picha, watoto wamekaa chini wamekunja mikono, wanapiga kelele TUNA NJAA, HATUJALIPWA, na sio maigizo tena maana ni saa tano na njaa ni ya kweli, mimi niko pembeni nashangilia, namuona mwalimu mkuu anakuja mbio mbio na nyuma yake mjumbe wa kamati ya shule. Nikaishiwa nguvu. Nikawapungia watoto wanyamaze, wapi! Na karani wetu, katoto kafupi hivi kana daftari, kakamwangalia mwalimu mkuu juu mpaka chini kakaandika kwa sauti: "mkubwa amefika, ngano hana."

Ofisini nilijieleza nusu saa. Mjumbe ndo aliniokoa, alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, akauliza hao Wamisri mwishowe walilipwa? Nikasema walilipwa, ila ikachelewa tena wakagoma tena. Mwalimu mkuu hakucheka. Akasema igizo zuri, siku ya mahafali mlionyeshe mbele ya wazazi, ila hicho kipande cha mgomo utoe, weka maiti tu.

Jana nikawapelekea taarifa. Sijamaliza hata sentensi, wote 74 wamekaa sakafuni wamekunja mikono, na Firauni yumo humo humo katikati na ndevu zake.

Mahafali ni wiki tatu zijazo, sijui ntafanyaje. Kama una shuka kuukuu nyeupe nitumie kwa basi, maiti ninazo mbili na sanda moja.

Wako,
Mwalimu wa darasa la tano