Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: umaskini usithibitishwe mgonjwa akiwa tayari kitandani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu kutoka Uyole. Najua barua zinazofika mezani kwako ni nyingi, na nyingi zinaomba barabara au zinalalamikia ushuru. Hii haiombi jengo wala gari la wagonjwa. Inaomba orodha ya majina: iandikwe mapema, isomwe hadharani, na iheshimiwe kuanzia zahanati ya kijiji mpaka pale mgonjwa anapofikishwa kwa rufaa.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa mtaani. Kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka na njia za ofisini nazifahamu, majirani wamezoea kuja kwangu niwaandikie barua za kuomba msamaha wa matibabu. Wengi huja usiku, mgonjwa akiwa ameshalazwa. Naandika. Kesho yake barua inapita kwa mjumbe, halafu kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu inamsubiri mtendaji agonge muhuri. Mtendaji akiwa kikaoni, barua inalala. Ikiangukia Ijumaa jioni, inalala mpaka Jumatatu. Ikifika hospitali, inapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye mara nyingi ni mmoja kwa hospitali nzima, na yeye ndiye anayepaswa kumtazama mtu usoni na kuamua kama kweli hana.

Msamaha wenyewe si jambo geni. Uchangiaji wa huduma za afya ulipoanza mwaka 1993, serikali iliyaweka kando makundi ambayo hayakutakiwa kulipa, na Sera ya Afya ya 2007 ikayarudia: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, wenye kifua kikuu, ukoma, VVU na maradhi mengine yaliyotajwa. Mengi ya makundi haya yanajieleza yenyewe. Kadi ya kliniki inataja umri wa mtoto, na tumbo la mjamzito halihitaji muhuri wa mtendaji. Kazi ipo kwa yule ambaye sababu yake pekee ni kwamba hana fedha. Huyo hana kadi ya kuonyesha, na anatakiwa kuuthibitisha umaskini wake siku ambayo hana nguvu hata ya kusimama.

Nitakupa mfano mmoja, wa mtoto wa miaka saba aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi akiwa kwa ndugu zake upande wa Rungwe. Paja likavunjika. Mama yake amepanga chumba hapa kwetu na anaishi kwa vibarua vya viazi: kulima, kupalilia, kuvuna, kulipwa kwa siku. Hospitali aliyopelekwa siitaji, kwa sababu sina ugomvi nayo, na ilimtibu vizuri. Walimpiga picha, wakamvuta mguu kwa uzito, akakaa wodini wiki kadhaa mpaka mfupa ukashika. Daktari akaandika aruhusiwe.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Faili lilikwenda dirisha la malipo likakwama. Barua ya mama ilikuwa na muhuri wa mtaa wa Uyole, na mtoto alikuwa amelazwa kwenye halmashauri nyingine. Akaambiwa barua hiyo haitoshi, ithibitishwe na ustawi wa jamii wa huko anakoishi. Afisa ustawi wa hospitali alikuwa semina. Mhasibu alimwambia kwa upole kabisa, "Mama, mimi sina mamlaka ya kufuta." Basi mtoto akabaki kitandani, ameruhusiwa na hajaruhusiwa, na kila siku iliyopita bili ya kitanda iliongezwa. Mama akawa anawafulia nguo ndugu wa wagonjwa wengine kule nyuma ya wodi ili apate sabuni na sahani ya ugali.

Ilimalizika hivi: jumuiya ya kanisa ilichanga, hospitali ikapunguza, na kilichobaki mama alikilipa kwa kuuza gunia mbili za mbegu ya viazi alizokuwa amezitunza apande kwenye kishamba alichokodi. Wewe unajua maana ya mtu wa Nyanda za Juu kuuza mbegu mvua zikiwa zinakaribia. Msimu mzima aliopaswa kujilimia alirudi kulima vya watu.

Mtoto huyo angekuwa na miaka minne, kwa mujibu wa sera asingedaiwa hata senti. Hapa, Mheshimiwa, kuna shimo ambalo mkoa wetu unaliona kuliko mikoa mingi. Utafiti wa viashiria vya VVU wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Mikoa mitatu jirani, na yote iko juu kabisa kitaifa. Matokeo yake ya miaka mingi tunayaona kwenye nyumba: bibi analea wajukuu. Bibi huyo akiugua ana dirisha la wazee. Mjukuu wa miaka mitatu anatibiwa bila malipo. Wa miaka tisa analipa. Wote wanalala chumba kimoja, wanakula chungu kimoja, na fedha ya wa miaka tisa inatakiwa itoke kwa bibi yule yule ambaye serikali imeshakubali kwamba hana.

Utaniuliza, na bima je? CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, tuliipokea vizuri: ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Waliokuwa na fedha hizo kwa mkupuo, na kwa wakati unaofaa, iliwafaa. Ila waliokuja kuandikisha mtaani kwetu walikuja mwezi wa kwanza, wakati fedha zote zimekwenda kwenye mbolea na sare za shule. Wangekuja mwezi wa saba, mahindi yakiwa ndani na mpunga wa Usangu ukiwa sokoni, wangeondoka na orodha ndefu. Na hata wangekuja mwezi wa saba, yule mama wa vibarua asingekuwa nazo. Mtu anayelipwa leo akala leo hafikiwi na mchango wa mwaka, uwe mdogo kiasi gani.

Hata vikundi vyetu havimfikii, na hili nalisema mimi nikiwa katibu. Leja yetu iko wazi: mtu akifa, kabla jua halijazama tuna fedha ya jeneza, turubai, usafiri na mchele. Kwa mgonjwa, katiba ya kikundi ilisema tu wanachama "watamjulia hali". Mzee mmoja alisimama kwenye mkutano akauliza kama ni lazima afe kwanza ndipo tufungue sanduku. Tulicheka, kisha tukatunga fungu la wagonjwa. Ni dogo, halibebi paja lililovunjika. Halafu wanachama ni wale wanaoweza kuchanga kila mwezi. Asiyeweza kabisa hayumo kwenye leja, kwa hiyo fungu la wagonjwa linawasaidia walio na nafuu.

Sitaki kuwatupia lawama watu wa hospitali. Nimeona muuguzi akitoa fedha mfukoni mwake kumnunulia mgonjwa sindano. Hospitali za misheni kama Igogwe, Itete na Chimala zimekuwa zikipokea watu wa vijijini miaka na miaka. Tatizo liko kwenye hesabu. Msamaha unafuta deni kwenye daftari, lakini hakuna anayeirudishia hospitali dawa iliyotumika, na hospitali inategemea makusanyo yake kununua dawa nyingine. Kila anaposaini msamaha, afisa ustawi anajua amepunguza shehena ijayo ya dawa. Kwa hiyo anasaini kwa kusitasita, au anasaini nusu ya bili, na mgonjwa aliyesamehewa anaandikiwa dawa akanunue nje. Duka la dawa nje ya geti halisomi barua ya mtendaji.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imelitazama hilo. Imeweka utaratibu wa serikali kuwagharamia wasio na uwezo, na kati ya vyanzo vilivyotajwa zimo fedha zitokanazo na vinywaji baridi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Maana yake kijana anayebeti pale stendi ya Nane Nane anamchangia mgonjwa wa Chunya bila kujua, na mimi sina pingamizi. Lakini mfuko wowote utauliza swali lile lile: huyo asiye na uwezo ni nani, yuko kitongoji gani, na nani amemthibitisha? Dodoma haiwezi kulijibu. Jibu liko kwenye vijiji na mitaa, na hao wako chini yako.

Ninachokuomba ni kuziagiza halmashauri zote saba za mkoa huu, Jiji la Mbeya, Mbeya vijijini, Rungwe, Busokelo, Kyela, Mbarali na Chunya, kila kijiji na mtaa uandae orodha ya kaya zisizoweza kulipia matibabu, na majina yasomwe kwenye mkutano wa hadhara. Hili linawezekana, maana TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, imekuwa ikipitisha majina ya walengwa kwenye mikutano hiyo. Orodha ya TASAF iwe mahali pa kuanzia tu. Wapo waliokuwa na nafuu wakati inaandikwa, ugonjwa ukaja ukala ng'ombe na shamba, leo hawana kitu na majina yao hayamo. Mkutano wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, basi orodha ipitiwe kila unapokaa.

Majina yakisomwa hadharani, na wale wajanja wataumbuka. Wapo, nisikufiche. Kuna mtu ana Fuso mbili zinazopeleka viazi Dar es Salaam na alipata barua ya kutojiweza, kwa bei ya soda na maneno matamu. Mbele ya majirani zake asingethubutu kusimama. Wapo pia watakaoona aibu kutajwa maskini mbele ya watu, na hao ni wengi kuliko wajanja. Kwa ajili yao mwenyekiti aruhusiwe kupokea jina faraghani, lijadiliwe na halmashauri ya kijiji badala ya uwanja mzima. Tunajuana. Hakuna siri ya umaskini kitongojini.

Aliyemo kwenye orodha apewe hati moja ya kaya, idumu mwaka mzima, isiwe barua mpya kwa kila homa. Na hati ya Uyole ikubalike Tukuyu, Kyela, Chunya na kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Ugonjwa hauulizi mpaka wa halmashauri. Mgonjwa akipewa rufaa, fomu ya rufaa ibebe namba ya hati hiyo, ili huko anakokwenda asianze tena kumtafuta mtendaji akiwa kilomita mia kutoka kwao. Na daktari akishaandika aruhusiwe, kitanda kiache kuhesabiwa siku hiyo hiyo, hata kama karatasi za msamaha bado zinazunguka.

La fedha ndilo gumu, na sijifanyi kulijua lote. Lakini halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mikopo ile imewasaidia wengi. Mageti ya mazao yanakusanya kwenye viazi, mpunga, parachichi na kokoa. Sehemu ndogo ya makusanyo hayo ikitengwa kuilipia bima kaya zilizo kwenye orodha, hospitali itapata fedha kwa kila mgonjwa maskini anayehudumiwa, na afisa ustawi atasaini bila kusita. Wakurugenzi watasema bajeti imefungwa. Bajeti ijayo bado.

Kama unataka pa kujaribia kwanza, mtaa wetu uko tayari. Mwenyekiti nimeongea naye, amekubali kuitisha mkutano ukitupa idhini, na mimi nitaandika majina bila posho. Nakala za barua za msamaha nilizowaandikia majirani ninazo kwenye faili, pamoja na majibu yaliyorudi na yale ambayo hayakurudi. Nitazileta ofisini kwako siku utakayonipangia.

Wako katika ujenzi wa mkoa,

Katibu, kikundi cha kufa na kuzikana
Uyole, Mbeya

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, Wakurugenzi wa halmashauri zote saba, Ubao wa matangazo, ofisi ya mtaa.