Biskuti za bahati zinahitaji mtu wa kuzisema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nichangie makala yenu ya karibuni kuhusu vitafunio vipya vya sherehe, ambamo mwandishi wenu alizisifu biskuti za bahati, yaani zile zilizokunjwa na kufichwa karatasi yenye neno la busara au la utabiri ndani yake, zinazoanza kugawiwa kwenye harusi na kipaimara huku kwetu kaskazini, akazieleza kuwa ni hekima ya kale ya Wachina. Mimi ni mwokaji wa keki na mikate hapa Moshi kwa miaka zaidi ya 20, biskuti hizo nimezioka kwa mikono yangu mwenyewe, na nimefurahi kwamba gazeti limeziona. Hata hivyo, asili yake siyo hiyo, na namna tunavyozigawa inaziondolea kile kilichozifanya zipendwe, yaani mazungumzo ya watu waliokaa pamoja wakila.

Biskuti hizi zimetoka Japani. Mjini Kyoto, karibu na hekalu la Fushimi Inari, wapo waokaji walioendelea kuzitengeneza kwa vizazi, zikiwa kubwa kuliko hizi tunazoziona na zenye rangi nzito kwa sababu ya ufuta na miso, ambayo ni soya iliyochachushwa, huku karatasi yake ikibanwa kwenye mkunjo wa nje badala ya kufichwa tumboni. Mtafiti wa Kijapani, Yasuko Nakamachi, alipata katika kitabu cha mwaka 1878 mchoro unaomwonyesha mwokaji akizichoma kwa vyuma juu ya makaa. Kwa Kijapani huitwa tsujiura senbei, na neno la kwanza katika jina hilo ndilo lililonigusa zaidi, kwa kuwa maana yake ni ramli ya njia panda. Hapo zamani mtu mwenye jambo linalomtatiza alikwenda kusimama njia panda wakati wa machweo, akatega sikio, na maneno ya wapita njia, ambao hawakujua hata kidogo kuwa kuna anayewasikiliza, akayachukua kuwa ndiyo jibu lake. Naomba wasomaji walizingatie jambo hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba kabla ya bahati hii kuandikwa kwenye karatasi ilikuwa ni maongezi ya watu wa kawaida wanaorudi nyumbani jioni.

Wahamiaji wa Kijapani ndio waliozipeleka California. Huko San Francisco anatajwa sana Makoto Hagiwara, aliyezigawa kwa wageni katika bustani ya chai ya Kijapani mwanzoni mwa karne ya 20, na huko Los Angeles anatajwa David Jung, Mchina mwenye kiwanda cha tambi, ambaye inadaiwa alianza mwaka 1918. Ubishi wa miji hiyo miwili ulifikishwa mwaka 1983 mbele ya mahakama ya maigizo iliyokuwa ikiamua mabishano ya kihistoria, nayo ikaipa ushindi San Francisco, ilikokuwa mahakama yenyewe. Lakini lililobadilisha mambo lilitokea mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya Marekani ilipowakusanya watu wenye asili ya Japani zaidi ya 110,000 na kuwafungia kambini. Waokaji wao waliacha oveni na wateja, na biashara hiyo ikaendelezwa na Wachina, ambao hoteli zao zilikuwa zikizigawa baada ya mlo. Nimeshawahi kufunga jiko langu kwa miezi minne kwa sababu ya ugonjwa, nikarudi nikakuta wateja wamehama, kwa hiyo sisomi habari hiyo kama historia ya mbali. Mtu anayenyang'anywa jiko lake asinyang'anywe na jina la kitu alichokibuni.

Sasa nije kwenye sherehe zetu. Miezi michache iliyopita nilialikwa harusini katika ukumbi mmoja hapa mjini. Baada ya chakula wahudumu walipita na vikapu, kila mgeni akapewa biskuti moja ndani ya karatasi ya plastiki. Nilikuwa nimekaa na bibi mzaa baba wa bwana harusi, mama wa Kibosho mwenye umri mkubwa, ambaye hakuelezwa na mtu kwamba ndani kuna kitu. Aliuma, akatafuna kidogo, kisha akaitoa karatasi mdomoni kwa vidole viwili, akaifuta kwenye kanga yake na kunipa niisome. Ilikuwa kwa Kiingereza, na nilipomfasiria kwamba inamwahidi safari ndefu, aliniuliza, “Nani amesema?” Nikamjibu kwamba hakuna aliyesema, ni karatasi tu. Akanitazama kwa upole na kusema, “Mwanangu, karatasi haina mdomo. Nani amesema?” Sikuwa na jibu, na wala hatukupata nafasi ya kuendelea, kwa kuwa mshereheshaji alikwisha kutangaza zawadi na muziki ulikuwa umepandishwa kiasi kwamba hata aliyekaa bega kwa bega nami nisingemsikia. Meza nzima ya watu kumi ilivunja biskuti zake kimyakimya, na karatasi zikabaki kwenye sahani pamoja na mifupa ya kuku.

Swali la bibi yule limenikaa rohoni. Kwetu neno la busara haliji lenyewe. Huja na mtu aliyelisema, na saa aliyolisema, na jambo lililomfanya aliseme, na ndiyo maana hata pale tusipomjua msemaji husema kwamba wahenga walinena, ili neno lisikose mwenyewe. Kanga hufanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa maandishi yake yanapata nguvu kutokana na nani amemnunulia nani na siku gani ameivaa.

Niliporudi nyumbani niliamua kujaribu kwa njia nyingine. Niko katika kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, na kila Jumamosi, tukishahesabu fedha na kufunga kisanduku chenye kufuli tatu, tunakula pamoja chakula alichopika mwenye zamu. Nilioka biskuti 15, nikaandika kwa mkono wangu methali za Kiswahili zinazohusu chakula, na nikaweka sharti moja kwamba kila anayevunja asome kwa sauti kabla ya kula.

Mweka hazina wetu alipata “Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea,” na kwa kuwa ufunguo mmoja wa kisanduku anao yeye, kicheko kilichozuka kiliwatoa nje majirani. Mama mmoja Mpare akapata “Kunywa mtori, nyama utazikuta chini,” akasema kwamba hiyo ni ya watani zake Wachaga, kwa sababu kwao Upareni nyama haizami, makande huibeba juu. Mama wa Machame hakumwacha apumue. “Mtani,” alisema, “makande yenu yanaibeba kwa sababu nyama yenyewe mmeiweka moja.” Mwenzetu kutoka Arusha akaingilia kuitetea loshoro, kwamba mahindi yake yakishalala ndani ya maziwa ya mgando hayana haja ya nyama wala ya methali. Tulikaa hapo karibu saa mbili kwa karatasi hiyo moja.

Naomba niieleze kidogo, maana msemo huo wa kumhimiza mtu awe na subira hutumika nchi nzima na watu wengi wanaoutumia hawajawahi kusimama kwenye sufuria ya mtori. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa huchemshwa mpaka ilainike, kisha ndizi mchare zilizomenywa hupikwa ndani ya mchuzi ule ule. Zikiiva, nyama hutolewa kwanza, ndizi zikapondwa kwa mwiko mpaka ziwe uji mzito, na baada ya hapo ndipo nyama hurudishwa. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba nyama ziko chini, kwa sababu mpishi ndiye aliyezirudisha, na anayekunywa anatakiwa amwamini mpishi. Mama wa Machame ndiye aliyetueleza hivyo, akiwa na bakuli mkononi, na mimi niliyezaliwa kwenye mtori nilikuwa sijawahi kulifikiria.

Hapo ndipo mdogo wetu mmoja, aliyejifungua mtoto wa kwanza mwaka jana, alipotuambia kwamba katika wiki zake za uzazi mama mkwe wake alikuwa akimletea mtori asubuhi na jioni, na kila alipokataa kwa sababu ya maumivu na machozi, mama mkwe alimwambia maneno hayo hayo na kukaa kitandani mpaka bakuli liishe. Alidhani anaelekezwa namna ya kunywa. Jumamosi ile ndiyo aliyoelewa kwamba alikuwa akifarijiwa, na akaomba ruhusa ya kutoka nje ampigie simu mama mkwe wake. Tulimsikia akisema “Shikamoo mama,” kisha akanyamaza muda mrefu.

Jambo kama hilo haliwezi kutokea katika ukumbi wenye spika nane. Ninawaomba waandaaji wa sherehe, na ninawaomba hasa waokaji wenzangu ambao ndio wanaopokea oda, wasikubali kununua katoni za biskuti zenye sentensi za Kiingereza zisizo na mwenyewe, wakati kuzioka hakuna ugumu wa kutisha. Rojo lake ni ute wa mayai, sukari, unga wa ngano, mafuta kidogo na vanila. Huchotwa kijiko kimoja na kutandazwa kwenye trei liwe duara jembamba la ukubwa wa kiganja, na kingo zikishashika rangi ya kahawia unakuwa na muda wa kuhesabu hadi kumi tu: uweke karatasi katikati, ukunje nusu, kisha uipinde kwenye ukingo wa kikombe. Ukichelewa inakauka na kuvunjika mkononi, na ukiwahi mno inarudi kuwa chapati. Vaa glovu za pamba, na usioke zaidi ya tatu kwa mara moja mpaka mkono uzoee. Karatasi iandikwe Kiswahili, na kama familia ina neno lake la Kichaga, la Kipare au la Kimeru, liandikwe hilo, pamoja na jina la aliyekuwa akilisema. Halafu mshereheshaji apunguziwe ratiba. Dakika 20 baada ya chakula, muziki ukiwa chini na kila meza ikisomeana karatasi zake, hazitamwondolea bibi harusi chochote.

Kuna sehemu moja ya biskuti za kiwandani ambayo ningependa tuiache huko huko, nayo ni namba za bahati zinazochapwa chini ya maneno. Tarehe 30 Machi 2005, katika bahati nasibu ya Marekani iitwayo Powerball, watu 110 walijitokeza kwa mara moja kudai zawadi ya daraja la pili, na wasimamizi wakashuku wizi mpaka walipogundua kwamba washindi wengi walikuwa wamecheza namba za karatasi moja ya biskuti kutoka kiwanda cha Wonton Food cha New York. Namba tano kati ya sita zilikuwa sahihi. Ni kisa cha kweli na cha kupendeza, lakini hapa Moshi ninawaona vijana wanaobeba mikate yangu wakimaliza ujira wa siku kwenye mikeka ya kubeti, wakilala wakisubiri namba, na sitaki biskuti inayotoka kwenye oveni yangu iwe mlango mwingine wa shughuli hiyo.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi moja. Litengee gazeti kona ndogo, hata mara moja kwa mwezi, ambamo wasomaji wataleta maneno ya chakula wanayoyasikia majumbani kwao, yale ya mezani na ya jikoni ambayo hayapatikani kwenye vitabu vya methali vya shule, na kila neno lichapwe pamoja na mahali lilikosikika na mtu aliyelisema, kama mwenyewe ameridhia. Waokaji tutakuwa na pa kuchota, na wasomaji watakuwa na la kubishania wakati wa chai.

Kikundi chetu kiko tayari kuleta la kwanza. Wiki iliyopita nilipanda Kibosho kumsalimu bibi yule, nikamkuta barazani anamenya mchare, mikono ameipaka mafuta ili isishikwe na utomvu. Nilimwomba neno la kuweka kwenye biskuti. Alimenya ndizi mbili nzima bila kunijibu, kisha akasema kwamba mtori wa haraka una mabonge. Nililiandika hapo hapo kwenye daftari langu la oda. Akaniuliza kama nimeandika pia kwamba amesema yeye, na hakurudi kwenye ndizi zake mpaka nilipomsomea.

Wako,
Mwokaji na msomaji wa gazeti hili,
Moshi