Wamama, nguo za kabatini kabla hamjamvalisha mtoto

Hamjambo wamama, samahani naandika usiku ila nikilala ntasahau. Naona kuna wawili humu wanatoa nguo za mtoto wa kwanza avae mdogo wake, sasa jamani kama zilikaa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo, naftalini, msimvalishe hivohivo!! Ile harufu ndo sumu yenyewe, inaingia kwa pua na kwa ngozi, na ukishampaka mafuta ngozi inanyonya zaidi, na mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kile kitu mwilini kinacholinda chembe za damu, anazaliwa nao (huku kwetu kwenye malaria wapo wengi tu na mama hajui) chembe za damu zinavunjika, anapauka au anakuwa wa manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Ukiona hivo ni hospitali, sio kumwanika juani, na uwaambie kabisa nguo zilikaa na nini.

Nguo na blanketi anika nje siku kadhaa, fua, anika tena mpaka harufu iishe. Mimi vidonge nimeshatupa, bora nondo wale.

Wanja nao, najua bibi zetu watanuna, lakini mwingine una madini ya risasi, machoni kwa mtoto hapana.

Halafu mafuta ya taa na jiki kwenye chupa ya soda, acheni. Akinywa usimtapishe, kimbia naye hospitali na chupa yenyewe.

Jumamosi kikao saa kumi, mje na michango.