Mgombea wa Minnesota hapatikani kabla ya Agosti

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile makala ya wanaotajwa kuwania ugavana wa jimbo la Minnesota, Marekani, kupitia chama cha Democrats imenishinda. Mwandishi wako anasema mkutano mkuu wa chama ndio utakaomaliza kazi ya kumpata mgombea. Haumalizi.

Nadhani amepotoshwa na mazoea ya hapa kwetu Tanzania, ambako wana-CCM hupiga kura za maoni, kisha vikao vya juu vikateua. Minnesota ni kinyume chake. Februari watu hukutana mitaani saa moja jioni na kuchagua wajumbe. Wajumbe huchujwa ngazi kwa ngazi hadi mkutano wa jimbo, na huko anayefikisha asilimia 60 huidhinishwa na chama, ambacho jimboni humo huitwa DFL. Anapata baraka za chama na watu wa kumfanyia kampeni. Tiketi yenyewe hutolewa Jumanne ya pili ya Agosti, kwa kura iliyo wazi kwa kila mpiga kura, maana jimbo hilo haliandikishi watu kwa vyama. Duru ya pili hakuna: anayeongoza amepita, hata akiwa na asilimia 35.

Mwaka 2010 wajumbe walimwidhinisha Margaret Anderson Kelliher, Spika wa bunge la jimbo. Mark Dayton, aliyekuwa seneta zamani, alishasema mapema kwamba hafungwi na mkutano. Akasubiri Agosti, akamshinda kwa kura kama 7,000, na Novemba akapata ugavana kwa tofauti isiyofika kura 9,000, baada ya kuhesabu upya. Mwaka 2018 mjini Rochester wajumbe walimwidhinisha Erin Murphy. Agosti Tim Walz akazoa karibu asilimia 42, Murphy 32, na Lori Swanson, mwanasheria mkuu wa jimbo, karibu 25. Mara mbili ndani ya miaka minane, na bado mnatuandikia kana kwamba wajumbe ndio wapiga kura! Kijana wa jamaa yangu, raia anayeishi Saint Paul, alibaki nyumbani siku ya kura ya Agosti kwa sababu alisoma kwenye gazeti kwamba mgombea ameshapatikana. Kura yake imepotea kwa sentensi moja ya uzembe.

Na mgombea mwenza je? Makala nzima haikumtaja, ilhali gavana na naibu wake huchaguliwa kwa kura moja. Mwaka huo wa 2018 Walz, aliyekuwa mbunge wa kusini kwenye mashamba, alimchukua Peggy Flanagan wa kitongoji cha Minneapolis. Swanson alimchukua Rick Nolan, mbunge wa kaskazini kwenye migodi. Murphy wa Saint Paul alimchukua Erin Maye Quade wa Apple Valley, naye ni wa vitongoji vya jiji hilohilo; kura za mbali angezitafutia wapi?

Naomba kila habari ya kinyang'anyiro hiki iambatane na kisanduku kidogo: tarehe ya kura ya Agosti, nani ameahidi kujitoa asipoidhinishwa na nani amekataa, mgombea mwenza anatoka wapi, na wangapi wamebaki kugawana kura. Mistari minne inatosha, na nafasi ipo: punguzeni ile picha ya jengo la bunge la jimbo, mmeichapa kubwa kuliko makala yenyewe.

Msomaji wako,
Morogoro